Picha yako imetumika bila ruhusa: kabla hujawatumia meseji soma hii

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona wapiga picha wanaporwa mchana kweupe alafu wanaishia kulalamika kwenye stori, masaa 24 yakipita imepotea na mwizi anaendelea na maisha yake. Mtu umeamka alfajiri kuwahi mwanga, umekaa kuediti hadi macho yanawaka, kesho unakuta picha yako kwenye tangazo la kampuni, jina lako hakuna, na ile alama uliyoweka kwenye kona wameikata kabisa. Ukiwauliza wanakwambia "tuliitoa Google". Inauma, na una haki ya kuumia. Ila sheria iko upande wako kuliko unavyodhani, tatizo ni kwamba wengi wanaanza na matusi, yule mtu anaogopa anafuta kila kitu, alafu ndo unatafuta wakili wakati ushahidi umeshayeyuka.

Tuanze na hilo la "tuliitoa Google" maana ndo jibu la kila mtu. Google haimiliki picha, inaonyesha tu picha ilipo. Hakimiliki inaanza pale pale unapobonyeza shata, huhitaji kusajili popote ili iwe yako wala kuweka ile alama ya c kwenye duara. Huo ndo msingi wa Mkataba wa Berne, uliosainiwa 1886 na leo una nchi zaidi ya 180, kwa hiyo picha uliyopigia nchi moja inalindwa na kwenye nchi nyingine za mkataba, kwa sheria za huko inakotumika.

Kuna kesi moja napenda sana kuwatajia watu. Ujerumani, mwanafunzi alikuwa anaandaa kazi ya somo la Kihispania, akachukua picha ya mji wa Córdoba kwenye tovuti ya mambo ya safari. Ilikuwa wazi pale, hakuna kitu chochote cha kuzuia kuipakua, na chini yake akaandika kabisa ameitoa tovuti gani. Shule ikaiweka ile kazi kwenye tovuti yake. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, alikuwa ameiruhusu ile tovuti ya safari peke yake, akaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Agosti 2018 mahakama ikasema kuiweka upya kwenye tovuti nyingine ni kuipeleka kwa hadhira mpya na inahitaji ruhusa mpya. Hapo ni shule jamani, hakuna biashara, chanzo kimetajwa, na bado. Sasa kampuni inayouza bidhaa kwa picha yako itasema nini?

Na wale wanaosema "si uliposti mwenyewe, ukishaposti umekubali masharti", hao nao wanachanganya mambo. Masharti uliyokubali yanaupa mtandao wenyewe leseni ya kuonyesha picha yako kwenye mfumo wao, hayampi kila mpita njia. Januari 2010 tetemeko lilipopiga Haiti, mpiga picha Daniel Morel alikuwepo pale, akazipandisha picha zake mtandaoni kupitia Twitter. Mtu mwingine akazichukua akajifanya ni zake, shirika la habari la AFP likazisambaza, Getty, wakala wa kuuza picha, nao wakazisambaza. Morel alipolalamika AFP ndo wakawa wa kwanza kwenda mahakamani, wakidai masharti ya Twitter yaliwapa ruhusa. Jaji akakataa, na mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.2. Kwa hiyo ukiambiwa hivyo usitetereke.

Ila kabla hujasimama kidete hakikisha kweli ni yako kisheria. Kama ulipiga ukiwa umeajiriwa na ndo kazi yako, sehemu nyingi hakimiliki ni ya mwajiri. Kama ulisaini mkataba na mteja, rudi ukausome, kuna vipengele vinahamisha haki zote na mtu anasaini bila kusoma. Na kama wewe ndo umo kwenye picha lakini kamera ilishikwa na mtu mwingine, kwa kawaida hakimiliki ni ya aliyepiga hata kama ulimlipa, isipokuwa mkataba au sheria ya nchi yako iseme vingine. Hiyo haimaanishi huna haki, una haki za aina nyingine, nitafika huko chini.

Sasa ushahidi, na hapa naomba usome polepole. Kabla hujacomenti, kabla hujawatumia meseji, kabla hujamtag mtu yeyote, fungua ule ukurasa kwenye kompyuta kama unaweza, maana unataka anuani nzima ya juu ionekane pamoja na tarehe na saa pale kwenye kona. Piga skrinshoti ya ukurasa mzima na sio picha peke yake, kwa sababu vile vitu vilivyoizunguka ndo vinaonyesha ilikuwa inafanya kazi gani pale, kama pembeni kuna bei, kama kuna kitufe cha kununua, kama kuna matangazo. Hifadhi na PDF. Alafu nenda Wayback Machine ya Internet Archive, ni maktaba ya kutunza kurasa za mtandaoni, bandika ile linki kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, inakupa nakala yenye tarehe ambayo haijatunzwa na wewe, imetunzwa na mtu wa tatu asiye na ugomvi na yeyote, na hiyo ina uzito kuliko skrinshoti ambayo upande wa pili watasema umeitengeneza mwenyewe. Kurasa zingine inashindwa kuzihifadhi, hasa zile za mitandao ya kijamii zinazotaka uingie kwanza, hapo rekodi skrini ukiwa unaanzia kwenye jina la akaunti unashuka taratibu hadi kwenye picha. Kama ni bango la barabarani au kifungashio cha bidhaa lipige picha, na kama bidhaa inauzwa nunua moja utunze na risiti.

Upande wako nako kusanya. Faili la RAW kama unalo, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijaeditiwa, au faili la kwanza kabisa kutoka kwenye kamera au simu, lenye data zake za ndani zinazoonyesha tarehe na kifaa. Na kitu ambacho watu wanasahau ni zile picha za kabla na baada, zile ulizopiga sekunde chache kabla ya hii na ambazo hukuwahi kuziposti popote. Mwizi anaweza kuwa na picha yako, hawezi kuwa na tano za pembeni yake, yule mwanamke anapepesa macho, yule mtoto nyuma hajaingia bado kwenye fremu. Ukiziweka mezani kwa mfuatano mabishano ya nani kapiga yanaisha hapo hapo.

Ukishakusanya, tafuta kama imesambaa zaidi, Google Lens na TinEye zinasaidia sana, unaweka picha zinakuonyesha wapi kwingine iko. Saa nyingine unagundua uliyemkuta wewe sio mwizi wa kwanza, ameinunua kwa nia njema kwa mtu aliyekuwa anaiuza kama yake. Hata hivyo nia njema haimpi haki ya kuendelea, nchi nyingi inampunguzia adhabu tu.

Alafu kaa chini ujiulize unataka nini. Nasema hivi kwa sababu watu wanaruka hapa, na njia ya kupita inategemea jibu lako. Unataka itolewe? Unataka ulipwe? Unataka ibaki ila jina lako liwekwe? Binafsi naamini kama mtu anatengeneza hela kwa picha yako, kuishia kwenye "naomba muweke jina langu" ni kujidharau, kutajwa jina ni haki yako tayari na sio malipo, ni sehemu ya haki za kimaadili zilizomo kwenye Mkataba wa Berne. Ila mwanafunzi aliyeiweka kwenye kazi yake ya darasani sitamfukuza na wakili, nitamwandikia kistaarabu basi.

Kama unataka hela anza na barua au emaili ya madai, na iwe fupi, isiwe na tusi hata moja, andika ukijua siku moja jaji anaweza kuisoma. Kitu kama hivi:

"Mimi ndiye niliyepiga picha iliyopo kwenye ukurasa wenu (linki), niliyoichapisha kwanza tarehe fulani hapa (linki). Sijawapa leseni ya kuitumia. Nimehifadhi nakala za ukurasa huo. Naomba ndani ya siku 14 mnijulishe mmeitumia tangu lini na wapi kwingine, muiondoe, na mlipe ada ya matumizi kama ilivyo kwenye invoisi niliyoambatanisha. Msipojibu nitachukua hatua za kisheria bila kuwapa taarifa nyingine."

Hiyo ada usiitoe kichwani kwa hasira. Angalia ulishawahi kutoza kiasi gani kwa kazi ya aina hiyo hiyo, kama hujawahi basi angalia maktaba za picha wanatoza kiasi gani kwa matumizi ya ukubwa huo na muda huo, kwa sababu mahakama nyingi zinaanzia hapo hapo, ungelipwa nini kama wangekuja kukuomba. Kuongeza kitu juu kwa sababu walitumia bila kuuliza na wakakata jina sio uchoyo. Usitishe tu kuwapeleka polisi ili wakulipe, nchi nyingine wewe ndo utageuziwa kibao. Tuma kwa anuani rasmi ya kampuni na sio kwa dada anayesimamia ukurasa wa Instagram, yeye hana mamlaka ya kukulipa na saa nyingine hata bosi hajui.

Kama unachotaka ni itoke haraka, kuna njia ya kuombea mtandao wenyewe uitoe. Mitandao mingi mikubwa iko Marekani na inafuata sheria yao ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA, na hauhitaji kuwa Mmarekani wala kuwa na wakili. Unajaza fomu yao ya hakimiliki, unaonyesha kazi yako ni ipi, iliyoibiwa iko linki gani hasa (sio "iko kwenye ukurasa wao", linki ya hiyo posti), mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa dhati haijaruhusiwa, tamko la kiapo kwamba wewe ndo mwenye haki au umetumwa na mwenye haki, na saini. Kama ni tovuti binafsi na mwenyewe hajibu, tafuta kwenye WHOIS (huduma ya kutafutia taarifa za tovuti) nani anaihosti, yaani kampuni inayoitunza mtandaoni, umpelekee yeye. Google nao wana fomu yao ya kuiondoa kwenye matokeo ya utafutaji, ila hapo picha yenyewe inabaki ilipo, watu tu hawaioni kirahisi.

Yule aliyeposti anaweza kupinga. Akipinga kwa utaratibu, mtandao unairudisha ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi isipokuwa wewe umefungua kesi mahakamani, kwa hiyo usitume ombi la namna hii kumkomoa mtu tu, na ukidanganya kwa makusudi sheria hiyo hiyo inakurudi. Na fomu ikifanikiwa picha imetoka, lakini hela hujapata. Ndo maana nasisitiza ushahidi kwanza, ukianza na fomu bila skrinshoti umeusaidia upande wa pili kusafisha nyumba.

Mahakamani sasa. Kila nchi na yake ila kuna mambo mawili matatu ya kujua mapema. Marekani, mtu ambaye picha yake kisheria inahesabika ni kazi ya Kimarekani hawezi kufungua kesi ya hakimiliki bila kuisajili kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki ya huko. Kazi isiyo ya Kimarekani haibanwi na sharti hilo, lakini, na hii lakini ni kubwa, zile fidia zilizopangwa na sheria za dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, zinazoweza kupanda hadi 150,000 kama mtu aliiba akijua, pamoja na kurudishiwa gharama za wakili, hizo anapata aliyesajili kabla ya wizi au ndani ya miezi mitatu tangu achapishe. Bila hivyo unabaki kuthibitisha hasara yako halisi na faida yao. Na unaweza kusajili hadi picha 750 kwa ombi moja, kwa hiyo kama kazi zako zinatembea sana huko, fikiria. Tangu Juni 2022 kuna na baraza la madai madogo ya hakimiliki, mwisho wake dola 30,000, kila kitu kinafanyika mtandaoni, ila mshtakiwa ana siku 60 za kukataa kushiriki na akikataa imeisha hapo. Kwenye sheria hiyo hiyo ya Marekani kukata jina lako au kufuta taarifa zako kwenye picha ili kuficha wizi ni kosa la peke yake, dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio, kwa hiyo ile kona iliyokatwa ina thamani yake. Uingereza wana njia ya madai madogo kwenye mahakama ya hakimiliki hadi pauni 10,000 na watu wanaenda wenyewe bila wakili. Muda nao unaenda, Marekani ni miaka mitatu, Uingereza sita, usikae na kinyongo moyoni miaka yote hiyo bila kufanya kitu.

Watakuja na utetezi wa "matumizi ya haki", yaani matumizi ambayo sheria inayaruhusu bila kuomba ruhusa. Kweli upo, habari, uhakiki, mafundisho, dhihaka, nchi zinatofautiana. Ila sio kila aliyeweka filta ametengeneza kitu kipya. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, msanii Andy Warhol akaitumia kutengeneza mfululizo wa picha zake, na mwaka 2016 taasisi ya Warhol ikalipwa dola 10,000 na wachapishaji wa jarida kwa kutumia mojawapo, Goldsmith hakupata hata senti. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba matumizi yale hayakuwa ya haki kwa sababu yalikuwa na lengo lile lile la picha ya awali, kupamba habari ya Prince kwenye jarida. Kama jina la Warhol halikutosha, filta ya simu itatosha?

Nilisema nitarudi kwa wewe ambaye umo kwenye picha. Hapa tunaongelea sura yako, kamera ya nani haijalishi. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita msichana wa jimbo la New York anaitwa Abigail Roberson alikuta sura yake kwenye mabango 25,000 ya kutangaza unga, hakuulizwa, akasema alishtuka hadi akalala kitandani anaumwa. Mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima haki kwa kura 4 dhidi ya 3, eti sheria ya namna hiyo haipo. Watu walikasirika, mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kukataza kutumia jina au picha ya mtu kwenye biashara bila idhini yake ya maandishi, na ipo mpaka leo. Nikimfikiria yule binti naona alipoteza kesi lakini mlango aliufungua yeye.

Mfano wa karibuni zaidi ni Rihanna na duka la nguo la Topshop. Waliuza fulana yenye picha yake, na leseni kutoka kwa mpiga picha walikuwa nayo kabisa! Ila yeye hawakumuuliza. Mahakama ya Uingereza 2013, na ya rufaa 2015, zikampa ushindi kwa sababu wateja wangedhani ameidhinisha ile fulana. Kwa hiyo ruhusa ya mpiga picha na ruhusa ya anayeonekana ni vitu viwili, ikikosekana moja kuna shida.

Wewe usiye na jina kubwa silaha yako siku hizi ni sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, maana picha inayokutambulisha ni taarifa binafsi. Ulaya unaweza kuomba ifutwe na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya starehe milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Malalamiko kwa mamlaka kama hizo mara nyingi ni bure na huhitaji wakili, kwa hiyo angalia nchi yako ina mamlaka gani. Ukiwa kwenye umati wa mkutano wa hadhara na picha ni ya habari, hapo ni ngumu kushinda, nisikudanganye.

Na kama picha ni ya faragha, ya mwili wako, usifuate hatua za barua na invoisi kabisa. Tunza ushahidi, ripoti kwenye mtandao kwa njia yao ya dharura, nenda polisi, ni jinai kwenye nchi nyingi. StopNCII ni huduma ya bure inayotengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye simu yako yenyewe, picha haitoki, na mitandao inayoshirikiana nao inatumia ile alama kuizuia isipandishwe. Wewe sio mwenye kosa hapo, hata kama uliipiga mwenyewe na uliituma mwenyewe.

La mwisho ni makubaliano, maana kesi nyingi zinaishia mezani. Wakikubali kulipa andikeni, na soma kama malipo ni kwa matumizi yaliyopita tu au yanawapa na leseni ya kuendelea, kwa muda gani, sehemu zipi, na kama wanaruhusiwa kumpa mtu mwingine. Mara nyingi wataweka kipengele cha kukukataza kuongelea jambo hilo hadharani, unaweza kukikataa au ukakitoza hela. Na sentensi ya kufuta madai yako yote iandikwe kwamba inaanza kufanya kazi siku pesa inapoingia kwenye akaunti, sio siku mnaposaini.